Maswali ya wasomaji: Kabla ya kuiongezea Saab nguvu, fungua sampo

Nina Saab 9-5 Aero ya 2002, giaboksi ya mkono, imetembea kilomita 210,000. Nataka kompyuta ya injini iandikwe programu mpya ili gari lipate nguvu zaidi. Wenzangu wanabishana: mmoja anasema nianze na bomba kubwa la moshi, mwingine anasema intakula, kile kipoza hewa inayoingia kwenye injini. Nianzie wapi? — Msomaji, Gothenburg

Anzia chini, ndugu yetu. Injini yako ya B235, na mdogo wake B205, zilizotengenezwa hadi 2003 zina ugonjwa mmoja unaojulikana na mafundi wote wa Saab: oili hugeuka tope. Katalaiza, kile kisafisha moshi chenye joto kali, imekaa karibu mno na sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, na inaipika oili usiku na mchana. Mabomba ya kutolea mvuke ndani ya injini ya miaka ile hayakutosha kazi, na wenye magari wengi wakazidisha kwa kukaa na oili ileile muda mrefu. Tope likikauka huwa chembe ngumu nyeusi, nazo huziba neti ya kunyonyea oili. Hapo presha inashuka, beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) zinasagika, na tabo, inayosukuma hewa ndani ya injini, inafuata. Ukisubiri taa ya oili iwake ndipo ushtuke, mara nyingi umeshachelewa. Injini ya namna hiyo ukiiongezea nguvu, unaimaliza.

Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa fundi mwenye vifaa. Gari likae kwenye stendi, umwage oili, utoe bomba la mbele la moshi pamoja na katalaiza, kisha ufungue bolti za sampo. Sampo ni ya alumini na imeshikwa kwa gundi, haina gasketi, kwa hiyo ibandue taratibu. Bisibisi ikikwaruza uso wa kufungia, itavuja daima. Toa neti uinue kwenye mwanga: kila tundu lionekane. Oringi ya bomba la kunyonyea ibadilishwe hata kama inaonekana nzima, maana ikikakamaa pampu hunyonya hewa badala ya oili. Wakati wa kurudishia, paka uzi mwembamba tu wa gundi ya flanji. Fundi anayemimina gundi nyingi anaisukumia ndani, nayo huishia kwenye neti ileile uliyotoka kuisafisha.

Jaza lita 4 za oili ya sintetiki kamili, 0W-40 au 5W-40, na filta mpya. Kuanzia hapo usivuke kilomita 8,000 bila kuibadilisha. Siku hiyohiyo funga seti ya mabomba ya kutolea mvuke ya toleo la 6, ambalo Saab ilitoa kurekebisha kasoro hii. Kuosha sampo bila kugusa mabomba hayo ni kuahirisha tatizo.

Sasa njoo juu. Weka plagi za NGK PFR6H-10, pengo milimita 1.0, zikazwe Nm 28 injini ikiwa ya baridi. Hapa usijaribu mbadala wa bei poa. Saab yako haitumii sensa ya kawaida ya kusikiliza injini ikigonga. Baada ya cheche, mfumo hupima mkondo wa ioni kupitia plagi yenyewe. Plagi isiyo sahihi inaipa kompyuta habari za uongo, na kompyuta inapunguza nguvu ulizozilipia. Kaseti nyeusi ya cheche iliyokaa juu ya plagi nayo hufa bila taarifa. Nunua ya akiba, uiweke kwenye buti pamoja na bisibisi ya nyota ya T30.

Badilisha mipira yote myembamba ya vakyumu, halafu pima presha ya msingi ya tabo: chomoa waya wa vali inayoongoza presha, kisha endesha ukiwa umekanyaga mafuta kikamilifu katika giya ya tatu. Geji ionyeshe takriban bar 0.40. Ikipungua au kuzidi, rekebisha nati kwenye fimbo ya westigeti, ule mlango unaodhibiti presha ya tabo. Programu nzuri juu ya presha mbaya ya msingi huleta gari linalokatakata nguvu barabarani, na lawama zote humwangukia aliyeandika programu.

Aero ya 2002 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250. Kwa programu peke yake tegemea takriban 270 hadi 280. Bomba la inchi 3 na intakula kubwa ni hatua za baadaye, kwa hiyo wenzako wote wawili wamewahi mno. Kabla ya kulipa, jaribu klachi: giya ya tano, kilomita 80 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mzunguko wa injini ukiruka na mwendo usiongezeke, klachi imechoka na haitaimudu programu mpya.

Yangu ni 9-5 ya 2.3t, otomatiki. Naweza kutumia programu ya Aero? — Msomaji, Malmö

Hapana. Tabo yako ni Garrett GT17, ya Aero ni Mitsubishi TD04, na kila moja inataka programu yake. Tena giaboksi ya otomatiki hailindwi na klachi inayoteleza. Mwambie mwandishi wa programu asivushe torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 350, na ubadilishe oili ya giaboksi kwanza.

Shemeji yangu ana Volvo 850 T5. Kila tukikutana ananiambia Saab ni jina la marehemu, na kwamba Volvo haiharibiki. Tuamulieni. — Msomaji, Nairobi

Kwamba kampuni ya Saab ilifilisika Desemba 2011 ni kweli. Lakini spea hazikuzikwa nayo: Orio ya Nyköping, Uswidi, iliendelea kuzisambaza.

Kuhusu Volvo kutoharibika, mwombe shemeji awashe gari lake, alipashe moto, kisha afungue kifuniko cha kujazia oili na kufunika tundu kwa glavu ya mpira. Glavu ikijaa hewa, kisanduku cha kutenganisha oili na mvuke kimeziba. Kipo chini ya manifoldi ya hewa, na manifoldi lazima itolewe. Kikiachwa, presha ya ndani husukuma nje sili za injini. Ni ugonjwa wa jamii ileile ya Saab, ila wa Volvo haukuvumishwa. Na injini ya 850 inatumia mkanda wa taimingi. Ukikatika, vali zinapinda. B235 ina cheni.

Majina ya magari yanadumu kuliko magari yenyewe. Peugeot ilipata heshima Afrika Mashariki kwa haki: 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na mwenye ushindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanganyika ya zamani. 504 ikafuata 1975 na 1978. Lakini anayenunua 307 kwa kukumbuka 504 ya babu yake ananunua gari jingine kabisa, lenye nyaya na kompyuta ambazo 504 haikuwa nazo. Mkibishana tena, kila mmoja ataje namba ya injini, mwaka, na tarehe ya oili ya mwisho.

Nimenunua Citroën BX. Fundi anataka kuongeza oili ya otomatiki kwenye tangi la saspensheni. Ni sawa? — Msomaji, Brussels

Mzuie. BX inataka LHM, ile ya kijani ya madini, basi. Kioevu cha breki nacho usikiweke: kikiingia, hula sili kuanzia pampu hadi breki, maana breki na saspensheni zinatumia mfumo mmoja.

Gari likidunda kama mkokoteni, mipira ya chuma ya saspensheni imepoteza naitrojeni. Shusha mkono wa kimo hadi chini kabisa, legeza skrubu ya rejeleta kwa spana ya 12 ili presha itoke, kisha fungua mipira kwa spana ya mkanda. Mipya ifungwe kwa mkono tu, sili zikiwa zimepakwa LHM. Na usiingie chini ya BX bila stendi: presha ikitoka, bodi lote hushuka.