Barua kwa mwanangu: kibarua au ufundi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini ukasomee uashi kwenye chuo cha ufundi cha VETA bila kipato, ilhali pale Mtumba, kwenye ujenzi wa Mji wa Serikali Dodoma, unaweza kuanza kibarua kesho na jioni ukalipwa, na tena fundi na kibarua wote hurudi nyumbani na vumbi lilelile.

Vumbi ni lilelile, kweli. Nilibeba zege miaka sita kabla sijashika mwiko, na simdharau anayekula kwa jasho lake, kwa kuwa jasho hilo ndilo lililokulea. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa nashikishwa ncha ya futikamba bila kujua ninachoshikia. Fundi alipima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, kisha akavuta futi kwa mshazari kutoka alama hadi alama. Isipotimia mita 5 kamili, alihamisha kigingi. Siku aliponieleza kwamba hivyo ndivyo pembe mraba inavyopatikana, niliona haya, maana nilikuwa nimesaidia kupiga kona nyingi nisizoweza kuipiga hata moja peke yangu.

Zege nalo ni hivyohivyo. Kibarua akichoka huongeza maji ili beleshi liwe jepesi, wala simlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha kwamba maji yakizidi zege hupungua nguvu, na kwamba kwa jua na upepo huu wa Dodoma lisipomwagiliwa siku kadhaa hukauka kabla ya kukomaa, likapasuka. Mwenye nyumba hulipia kujua huko.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, vijana wamekuwa wakijipanga getini alfajiri, na mradi ukiisha huenda kujipanga kwingine, wakati mwashi mzuri hufuatwa nyumbani kwake.

Cheti peke yake hakinyooshi ukuta, hilo nalijua. VETA huwapima hata waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Kwa hiyo kama unahitaji nauli, chukua kibarua hicho kwa muda, ila omba kuwa saidia fundi wa mwashi, na uulize sababu ya kila kipimo. Fomu ya VETA tutaijaza pamoja.

Mwiko wangu wa zamani na timazi nimekuwekea. Mpini umelegea kidogo. Nitaukaza kabla hujafika Jumapili.

Baba yako