Wanafunzi wangu kutoka Pemba wamenyamaza darasani

SWALI: Nafundisha Kemia Kidato cha Pili katika skuli moja hapa mjini Unguja. Nina wanafunzi waliohamia kutoka Micheweni, Pemba, na wawili wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Wakitamka "ntu" au "nkono" wenzao huwacheka, na sasa hawafungui mdomo. Skuli inataka Kiingereza kitupu darasani. Nikiwaruhusu watumie lugha ya nyumbani, sitawaharibia mtihani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hofu yako naielewa. Mtihani wa Kemia wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, Kidato cha Nne hauulizwi kwa Kiswahili, sembuse Kipemba. Lakini mtoto aliyenyamaza hujui kaelewa nini, na Kiingereza hakitamjia kwa kukaa kimya.

Chukua somo la kukeneka, yaani kutenga kitu kwa kukifanya mvuke kisha kuupoza. Mtoto wa Pemba kakulia kwenye karafuu. Anajua zikichumwa huchambuliwa, makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, yakatengwa, na kwamba makonyo hayo hukenekwa mafuta. Basi anzia hapo kabla hujatoa chupa za maabara. Waketishe wawili wawili, wa sehemu moja pamoja, uwape dakika tano waelezane kwa lugha yao: mvuke unapita kwenye makonyo, unabeba mafuta, ukipoa unarudi kuwa maji, mafuta yanajitenga. Usiwasahihishe hata neno moja. Kisha waulize kwa nini mafuta ya nazi huelea juu ya maji, na haya ya makonyo huzama. Hapo utasikia sauti ambazo hujazisikia tangu muhula uanze.

Baadaye mmoja aeleze mbele kwa Kiswahili cha darasani. Ndipo uandike ubaoni maneno ya mtihani, distillation na wenzake, na kila mwanafunzi atunge sentensi tatu za Kiingereza kwa mkono wake. Hatua hii usiiruke. Wengi wetu hueleza kwa Kiswahili, halafu tukawasomea nukuu za Kiingereza wazinakili. Mtoto anatoka na daftari limejaa, na sentensi ya kwake hana hata moja. Hapo ndipo mtihani unapoharibika.

Kicheko kikomeshe mapema, na mwalimu wa Kiswahili akusaidie. Darasa lijue kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kingeweza kuchaguliwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na leo watoto wa mjini wangekuwa wao wanaosahihishwa. "Ntu" nayo ina kanuni yake: ulimi umeshajiandaa kwa t, basi m ikageuka n. Waonyeshe ubaoni. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imechapisha makamusi ya lahaja zetu, Kipemba na Kimakunduchi zikiwemo. Liombe moja likae maktaba. Ila tafadhali, usimsimamishe mtoto "atusemee Kipemba kidogo". Huko ni kumfanya tamasha, na atanyamaza zaidi.

Ukiwa na mtoto wa Kimakonde au Kisukuma asiye na mwenzake, mwachie aandike maana kwa lugha yake pembezoni mwa daftari. Huna haja ya kuielewa wewe.

Kuhusu amri ya Kiingereza kitupu, usigombane na mkuu wa skuli. Muombe dakika kumi katika kila kipindi kwa mada moja tu, kisha umpelekee madaftari ya kabla na ya baada, asome mwenyewe sentensi za wale wa Micheweni.