Muulize Muuguzi: Mguu umening'inizwa, na mgonjwa amegeukia ukutani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu wagonjwa wanaokaa wodini kwa wiki na miezi. Tumechagua nne. Wanaojibu ni wauguzi wa wodi za mifupa na za wagonjwa wa uti wa mgongo.

SWALI: Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akavunjika paja. Hii ni wiki ya tano wodini. Amepitishwa chuma chini ya goti na mguu unavutwa kwa mawe. Jana tumeona doa jeusi juu ya makalio. Sista anasema tumgeuze, daktari alisema asigeuke. Tushike la nani? Na tumnunulie ile pete ya hewa ya kulalia? – Kaka mtu, Morogoro

JIBU: Wote wawili wamesema kweli, ila hawakusimama pamoja mbele yenu wakaeleza. Daktari hataki abingirike ubavuni, kwa sababu kamba ikipinda, mfupa nao unaunga ukiwa umepinda. Sista hataki nyama ya makalio ibanwe usiku kucha kati ya mfupa na godoro. Njia inayowaridhisha wote wawili ni kumnyanyua bila kumbingirisha.

Kama ameandikiwa dawa ya maumivu, aimeze kama nusu saa kabla. Simameni wawili, mmoja kila upande. Mwelezeni mnachotaka kufanya, kisha yeye mwenyewe ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Anayehesabu mwenyewe hakazi mwili kwa woga. Ashike mpini unaoning'inia juu ya kitanda, akunje goti la mguu mzima, akanyage godoro na kujisukuma juu. Makalio yakiinuka kimo cha kiganja, mmoja wenu apitishe mkono chini, apapase ngozi, afute jasho, anyooshe shuka na kuondoa makombo ya mkate. Nusu dakika inatosha. Mchana ajinyanyue hivyo kila saa, usiku asaidiwe kila baada ya saa 2. Akiteleza kuelekea miguuni, msimvute kwa kwapa. Ngozi hubaki imenata kwenye shuka huku mfupa ukisogea, na mishipa midogo iliyo katikati inachanika. Kidonda cha namna hiyo huanzia ndani, ndiyo maana kwa juu mnaona doa tu.

Na kama anateleza kila siku, tazameni miguu ya kitanda. Upande wa miguuni unatakiwa uinuliwe kwa matofali au vigingi ili uzito wa mwili wake ushindane na mawe. Usipoinuliwa, mwili unaburutwa mpaka unyayo uguse kapi (kigurudumu kinachopitisha kamba), na hapo mguu hauvutwi tena hata kama mawe yapo. Mawe nayo yaning'inie huru, yasiguse sakafu wala chuma cha kitanda. Wageni wana tabia ya kuyainua "kidogo apumzike". Yakiinuliwa, misuli ya paja hujikunja, ncha za mfupa hupandiana, na mgonjwa hupiga kelele zaidi ya mwanzo. Wengine hutundika mfuko wa machungwa hapo hapo kwenye kamba. Jamani.

Turudi kwenye doa. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Wekeni mgongo wa mkono juu ya doa, kisha kwenye ngozi ya pembeni, mlinganishe: pana joto zaidi, pagumu, pametepeta, panauma? Kama ndiyo, kidonda kimeshaanza hata kama ngozi haijachanika. Msipasugue. Zamani wodini tulifundishwa kupasugua kwa spiriti na poda, lakini spiriti inakausha ngozi, na kusugua kunamalizia mishipa iliyokwisha kukosa damu. Mwambieni muuguzi leo hii, na mwombe apime doa kwa rula na kuandika vipimo kwenye faili. Lisipoandikwa, zamu ya usiku haitajua kama limekua.

Pete ya hewa msinunue. Inakandamiza nyama kwa mduara, damu haipiti, na pale katikati panapotakiwa kupona ndipo panapovimba. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino vilevile haifai: ni ndogo, na uzito wote unaangukia sehemu moja. Kisigino mnachosahau wengi ni cha mguu mzima, kwa kuwa ndicho anachojisukumia mchana kutwa. Afundishwe kukanyaga kwa unyayo wote. Akipumzika, wekeni blanketi lililokunjwa chini ya shavu la mguu huo, kwa urefu, kisigino kibaki hewani kiasi cha karatasi kupita chini yake.

Asubuhi na jioni mwambieni anyanyue kidole gumba cha mguu uliovunjika kuelekea usoni kwake. Mguu ukilala kwa kuanguka upande wa nje, mshipa wa fahamu unaopita nje kidogo chini ya goti hubanwa, na unyayo unaweza kubaki ukining'inia hata baada ya paja kupona. Akishindwa, au akisema juu ya unyayo pamekufa ganzi, msingoje raundi. Msingoje pia kama anapumua kwa shida ghafla, amechanganyikiwa, shavu la mguu limevimba, au pale chuma kinapoingia panatoa usaha.

Chakula: mtu wa kilo 60 mwenye kidonda cha kulalia anahitaji kama gramu 75 hadi 90 za protini kwa siku. Mayai mawili ni gramu 12 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi mbili za maziwa 16, kipande kizuri cha samaki 20 na zaidi kidogo. Ugali nao unaongezea. Supu ya makongoro haina kosa, ila asiishie kunywa mchuzi.

SWALI: Nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Nimepangiwa baba wa makamo aliyeumia uti wa mgongo, miguu haina nguvu, yuko wodini mwezi wa tatu. Alikuwa mcheshi. Sasa anageukia ukutani na sahani inarudi kama ilivyokwenda. Nikimwambia "Pole baba, utapona", ndiyo kwanza ananyamaza. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Kwanza liache hilo neno "utapona". Hujui kama atapona, naye anajua kwamba hujui.

Kabla ya kusema amekata tamaa, kagua mwili. Mwombe afungue kinywa: utando mweupe ulimini huweza kuwa fangasi, na kumeza kunauma. Angalia amepata choo lini mara ya mwisho; zikipita siku 3, tumbo limejaa na hamu ya kula haipo. Pima joto, tazama rangi na harufu ya mkojo, tazama makalio. Soma dawa zake, kwani baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa hawalisemi. Wengi wa aina yake hupunguza chakula kwa makusudi. Hana hisia za kumwambia choo kinakuja, kimewahi kumtoka kitandani saa ya wageni, na aliyekuja kumsafisha ni binti wa umri wa mwanawe. Kwake njia ya kukwepa aibu ile ni kutokula. Ukimhimiza "kula baba, kula", unamhimiza arudie aibu.

Kwa hiyo anza na choo. Shirikiana na muuguzi wa zamu mumpangie saa moja isiyobadilika, dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, maana chakula kikiingia tumboni ndipo utumbo nao unapoamka. Vuta pazia mpaka mwisho; uwazi wa kiganja kimoja unatosha wodi nzima kuona. Bedpani ipashwe kwa maji ya moto na ikaushwe, na isisahaulike chini yake: makali yake huchuna ngozi isiyo na hisia. Muulize mapema, kwa sauti ya chini, angependa asafishwe na nani. Akisema muuguzi wa kiume au mke wake, usichukulie kwamba amekukataa. Saa ya choo ikishazoeleka, sahani mara nyingi huanza kupungua yenyewe.

Kuhusu maneno: vuta kiti, macho yenu yawe sawa. "Shikamoo baba. Niko hapa mpaka saa tisa. Tuoge kabla ya chai au baada?" Swali lenye majibu mawili linamrudishia kitu cha kuamua, na mtu aliyelala miezi mitatu huamuliwa kila kitu, mpaka saa ya taa kuzimwa. Ukisema utarudi saa sita, rudi saa sita, hata kwa kumwambia kwamba umebanwa. Mnyoe ndevu Alhamisi au Jumamosi, kulingana na siku yake ya ibada. Kama ni Mwislamu, uliza kama anataka kitanda kielekezwe kibla na kama anahitaji udongo safi wa kutayamamu.

Akinyamaza, nyamaza naye dakika tano. Huzuni ikidumu wiki mbili, au akisema ni heri angekufa, mweleze mkuu wa wodi siku hiyohiyo ili aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

SWALI: Mama ataruhusiwa wiki ijayo baada ya kiharusi, akiwa na mpira wa mkojo. Mkojo unavuja pembeni. Shangazi anasema awekewe mpira mnene zaidi. – Binti, Tanga

JIBU: Hapana. Mpira mnene huumiza njia na mara nyingi huongeza kuvuja. Fuateni mrija kwa vidole mtafute ulipojikunja au alipoukalia. Kisha ulizeni choo: haja kubwa iliyokauka hubana kibofu. Kama mkojo unavuja na mfuko haupati hata tone, mpira umeziba na abadilishiwe haraka.

Nyumbani, mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Msiuchomoe kwenye mpira kila mara, kwani vijidudu huingia pale panapofunguliwa. Muoshe kwa maji na sabuni kila siku, kutoka mbele kwenda nyuma, na mrija ubandikwe pajani kwa plasta usivutike. Anywe lita 2 kwa siku, isipokuwa kama moyo au figo vina tatizo. Akiwa anapaliwa baada ya kiharusi, waulizeni kwanza wauguzi namna ya kumnywesha. Msiondoke wodini bila tarehe ya kubadilisha kuandikwa kwenye karatasi: mpira wa kawaida hukaa wiki 2 hadi 4, wa silikoni hadi 12. Homa, kutetemeka au damu, rudini.

SWALI: Kuna nesi anamhudumia baba yetu vizuri sana. Ni vibaya kumpa ya soda? – Familia, Mwanza

JIBU: Msimpe. Baba wa kitanda cha jirani, ambaye hana wa kumtolea, anaona. Andikeni jina la nesi huyo na alichofanya, wekeni kwenye sanduku la maoni. Karatasi ile hufika kwa mkuu wake. Hela ya soda nunueni mito miwili midogo, shuka mbili za pamba na chupa yenye mrija wa kunywea. Nesi huyo huyo ndiye huhangaika kuvitafuta usiku.