Gari la gofu la umeme linachoka mlimani: betri, solenoidi au kontrola?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina gari la gofu la umeme la volti 48, lenye betri sita za asidi za volti 8 kila moja. Zina miaka minne. Chaja hujizima yenyewe ikionyesha zimejaa, na kwenye tambarare gari linakwenda bila shida. Likianza kupanda mwinuko linachoka kabisa. Siku hizi kuna wakati nikikanyaga pedali nasikia "tak" halafu halisogei. Nimeshauriwa kubadilisha kontrola. Je, tatizo ni hilo?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, usiinunue kwanza. Gari linalokwenda vizuri tambarare na kuchoka mlimani mara nyingi lina betri moja mbovu kati ya zile sita, au kebo isiyoshika vizuri. Kontrola ni ghali, na ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa kingine chochote kwenye magari haya.

Chaja kujizima si ushahidi kwamba betri ni nzima. Betri zako zimefungwa kwa mfululizo, na chaja inaona jumla ya volti tu. Haijui nani kati ya sita ni mgonjwa. Betri iliyochakaa hujaa haraka kwa sababu nafasi yake ya kuhifadhi umeme imepungua, na huishiwa haraka vilevile. Mlimani mota inavuta umeme mwingi kwa mpigo, na hapo ndipo volti za betri hiyo zinapoporomoka.

Kabla ya kugusa chochote, vua pete na saa, vaa miwani ya kukinga macho, na usiwashe moto karibu: betri zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Spana ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja inaweza kuyeyuka, kwa hiyo izungushie tepu ya umeme kwenye mpini.

Chaji usiku kucha, chomoa chaja, acha gari lipumzike saa kadhaa, kisha pima betri moja moja kwa mita. Betri nzima ya volti 8 iliyojaa husoma kama 8.4 hadi 8.5, na zote sita kwa pamoja hukaribia 51. Andika kila namba. Lakini usiridhike na vipimo hivyo, maana betri mbovu ikipumzika inaweza kusoma vizuri kama wenzake. Kipimo kinachotoa hukumu ni cha gari likiwa kazini. Banisha nyaya za mita kwenye betri moja, zipitishe mbali na magurudumu na sehemu zinazozunguka, mpe mtu mwingine aendeshe kupanda mwinuko uleule nawe ukitazama mita. Rudia kwa kila betri. Zote zitashuka, hilo ni kawaida. Unayemtafuta ni yule anayeshuka peke yake: wenzake wamebaki 7.6, yeye yuko 6 au chini zaidi.

Ukimpata, mthibitishe kwa hidromita, kipimo cha uzito wa maji ya asidi ndani ya betri. Betri ya volti 8 ina seli nne, na kila seli iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280. Seli moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya chaji kamili, seli hiyo imekwisha. Angalia na maji. Pleti, yaani bamba za risasi ndani ya seli, zikiwa wazi, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi mpaka yazifunike tu, chaji, ndipo ujaze hadi kiwango chake. Ukijaza kabla ya kuchaji, yatafurika na kumwaga asidi.

Kwa umri wa miaka minne, nisingebadilisha betri moja. Mpya ikifungwa na tano zilizochoka itaburuzwa nao, na baada ya muda utarudi kulekule. Badilisha zote sita, za aina moja.

Kebo nazo zikague. Baada ya kupanda mlima, zima gari na usogeze kiganja karibu na kila kichwa cha betri. Kile chenye joto kuliko vingine kina nati iliyolegea au kutu ndani. Unga mweupe au wa kijani usafishe kwa maji yenye magadi ya kuokea, bila kuyaacha yaingie kwenye seli.

Sasa hiyo "tak". Ni solenoidi, swichi kubwa ya sumaku inayopitisha umeme wa betri, inafunga; maana yake ufunguo, swichi ya mbele na nyuma na swichi ndogo ya pedali vinafanya kazi. Kama usingeisikia kabisa, ningekutuma huko. Inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, weka stendi imara, kisha pima kati ya vichwa viwili vikubwa vya solenoidi huku mtu amekanyaga pedali. Mita inapaswa kukaribia sifuri. Ikisoma volti nyingi, sehemu za kugusana ndani zimeungua, na solenoidi ni ya kubadilisha. Fanya kipimo hiki betri zikiwa zimejaa, kwani kontrola nyingi hukata umeme volti zikishuka mno, na dalili inafanana.

Nusura nisahau breki. Weka gari kwenye hali ya kuvutwa (Tow), lisukume kwa mkono mahali tambarare. Likiwa zito, breki zinabana, na betri mpya hazitakusaidia.

Yote hayo yakiwa sawa, pima kihisi cha pedali, ambacho kikichoka gari hushtuka-shtuka linapoanza, na brashi za kaboni za mota. Kontrola inabaki mwisho. Ukifika kuifungua, piga picha ya waya zote, ondoa kwanza kebo kuu ya hasi, na usiguse vichwa vyake mara moja: kapasita za ndani, yaani vihifadhi umeme vidogo, hubaki na chaji kwa muda hata betri zikiwa zimekatwa.