Avata ya VRChat kwenye Quest: anza na materiali

Kaka, umeuliza kwa nini avata yako (mwili wako wa 3D ndani ya VRChat, ulimwengu wa mtandaoni wa kukutana na watu) iko sawa kwako lakini wenzako wa Quest, hedseti ya uhalisia pepe, hawaioni. Pembetatu 70,000, yaani vipande vidogo vinavyounda umbo lake, kwenye kompyuta bado ni daraja zuri tu kwa vipimo vya VRChat, ndiyo maana huoni kasoro kwako. Kwenye Quest, ukizidi 20,000 unaangukia daraja la chini kabisa, na wenzako wanaona umbo la badala hadi mtu achague mwenyewe kukuonyesha. Lenga 15,000 au pungufu.

Ila usikimbilie kukata pembetatu kwanza. Nimeona avata nyepesi sana yenye materiali (maelezo ya rangi na mng'ao wa kila sehemu) kumi na mbili, na kila materiali ni amri nyingine ya kuchora ambayo prosesa ndogo ya hedseti inalazimika kuitoa kila fremu, mara idadi ya watu chumbani. Unganisha meshi (vipande vya umbo) ndani ya Blender, programu ya kuchonga 3D, kusanya tekscha zote, yaani picha zinazovishwa juu ya umbo, kwenye karatasi moja, ubaki na materiali moja, mbili zikizidi. Kisha weka tekscha kwenye ASTC, mfumo wa kubana picha, pikseli 1024 zinatosha, uso hauhitaji 4K (nani atakuchungulia tundu za ngozi?). Faili ya Android, mfumo unaoendesha Quest, hairuhusiwi kuzidi megabaiti 10.

Nywele zako za tabaka zenye uwazi zitaharibika, maana sheda za simu za VRChat (programu ndogo za kupaka rangi na mwanga, ndizo Quest inazotumia) hazina uwazi wa kawaida kwa avata. Zichonge upya ziwe mafungu mazito. Mifupa ya kutikisika, ile inayofanya nywele au mkia ucheze ukisogea, punguza bila huruma, bakiza mkia na nywele za mbele.

Ukimaliza, pandisha toleo la Android kwa kitambulisho kilekile cha toleo la kompyuta.