Kwa mnaoanza kurekodi mashairi ya Kihindi: kabla hamjagusa maiki

Wiki hii nimerudisha tena faili la doha (beti za mistari miwili) za Kabir, mshairi wa kale wa India. Aliyelileta ni kijana mwenye sauti nzuri mno, Kihindi chake kimenyooka, kazi imesafishwa vizuri. Nimerudisha kwa sababu ileile niliyomrudishia mwenzake, na mwenzake wa kabla yake: chapisho alilosomea. Kwa hiyo naandika, maana nimechoka kuwa mtu wa habari mbaya kila mara.

Nachukulia kwamba jaribio la dakika moja la LibriVox (mradi wa wanaojitolea kurekodi vitabu visivyobanwa na hakimiliki) umeshapita, mratibu na mhakiki unajua nani ni nani, na faili lako ni MP3 ya 128 kbps, mono, desibeli zinacheza kwenye 89. Kama bado, anzia huko kwanza.

1. Kitabu kwanza, maiki baadaye.

"Lakini kaka, Kabir si amekufa zamani?" Amekufa, tena karne nyingi, na hakuna mjukuu atakayekudai. Swali ni hilo chapisho ulilolishika: limetoka mwaka gani, na limepitia mikono ya nani?

Mimi hili lilinikuta vibaya. Nilikuwa nimetoka masomoni Pune, India, Kihindi bado cha moto mdomoni, najiona nimefika. Nikaokota mtandaoni sakhi za Kabir (ndizo hizo doha zake za mafunzo) zilizopangwa kwa mada, herufi safi, kila moja na ufafanuzi wake chini. Nikahamishia nguo zote kitandani, nikajifungia kabatini usiku baada ya usiku, feni imezimwa, na Dar wakati wa kiangazi mnaijua. Ufafanuzi nao niliusoma, tena kwa madaha, nikisema msikilizaji asije akaachwa njiani. Nilipomaliza nikapeleka faili zote kwa mpigo. Nilitaka kupigiwa makofi.

Mratibu akajibu kwa upole kabisa: naomba picha ya ukurasa wa jina la kitabu. Sina. Nikaanza kuutafuta, na hapo ndipo jasho la kweli lilipotoka. Maandishi yale yalikuwa yamenakiliwa kutoka chapisho la miaka ya themanini, na ufafanuzi niliousoma kwa madaha ni wa profesa ambaye wakati huo alikuwa hai, mzima wa afya. Nikajitetea: basi nakata ufafanuzi, nabakisha mashairi. Nikakaa kukata. Kila nilipolinganisha na chapisho la zamani nikakuta neno limebadilika hapa, mstari haupo pale. Profesa alikuwa amepima nakala mbalimbali za mkono, akachagua anachoona ni sahihi, akapanga kwa mada zake mwenyewe. Nilichosoma kilikuwa Kabir wake yeye. Nikafuta folda nzima. Mama aliuliza kama sasa nguo zinaweza kurudi kabatini, na nikashindwa hata kumjibu.

Siku hizi Kabir namsoma kutoka Kabir Granthavali ya Shyamsundar Das, iliyochapishwa na Nagari Pracharini Sabha, chama cha lugha cha Kashi (Varanasi), mwaka 1928. Lugha yake inakwaruza, na doha nyingi ulizozikariri hutazikuta humo. Vumilia.

Halafu sheria za hakimiliki ziko mbili, msizichanganye. LibriVox inafuata ya Marekani: kwa vitabu vya miaka hiyo, miaka 95 tangu kuchapishwa. India inahesabu miaka 60 tangu mtunzi afariki. Ndiyo maana Kamayani, utenzi wa Jaishankar Prasad, inawachanganya watu: Prasad alifariki 1937, India kazi zake ni huru tangu 1988 (enzi hizo hesabu ilikuwa miaka 50), lakini kitabu kilitoka katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo kwa hesabu ya miaka 95 bado hakijafika. Na Madhushala, ambayo kila mgeni anaitaka, ni ya 1935 na mtunzi wake, Harivansh Rai Bachchan, alifariki 2003. India mtasubiri hadi 2064. Msiniulize tena.

2. Hesabu matra.

Sisi tumelelewa na mizani: silabi moja, hesabu moja, nane kwa nane, basi. Wenzetu wanapima muda, na kipimo chake ndicho matra. Vokali fupi ni matra moja, ndefu ni mbili, na mstari wa doha una 13, kituo, kisha 11. Chukua hii inayonasibishwa kwa Kabir:

Baṛā huā to kyā huā, jaise peṛ khajūr
Panthī ko chāyā nahīn, phal lāge ati dūr

Kuwa mrefu kama mtende kuna faida gani? Msafiri hapati kivuli, na tende ziko juu huko. Sasa sikiliza wageni wanavyoisoma. Kituo cha baada ya *huā* ya pili wanakiruka, na *khajūr* wanaikata kama wanataja bei sokoni. Ile *jūr* inabeba matra tatu: mbili za vokali na moja ya r. Ukiikata, kile kipande cha 11 kinafika na kumi, na *dūr* inayokuja kuijibu chini inakuta mwenzake ameshaondoka. Piga vidole mezani ukifanya mazoezi. Wakati wa kurekodi usipige, maana nimeshapokea faili lenye vidole.

3. *Ph* na *bh* zinapiga maiki.

Hizi ni p na b zenye pumzi, si f. Weka maiki pembeni ya mdomo, usiipulizie usoni. Na programu ya kuondoa kelele itumie kidogo tu: ukiizidisha inakula pumzi pamoja na kelele, *phal* inageuka *pal*, na tunda limekuwa kitambo kidogo. Watu wa Mombasa, nyinyi mmezaliwa na pumzi ya *ph*, hamna kisingizio.

4. Chaupai (beti za vipande vinne) za mshairi Tulsidas zisomwe, na harmonia ibaki nyumbani. Najua umezisikia zikiimbwa tangu utotoni au kwenye televisheni. Muziki wa nyuma hauruhusiwi. Yupo mmoja aliyeniapia hakuweka muziki wowote, na kweli hakuweka, alikuwa jirani yake na redio. Rekodi alfajiri.

5. Namba za beti na ile mistari ya wima mwishoni havisomwi.

6. Usianze na kitabu kizima. Upo mkusanyiko wa mashairi ya lugha nyingi: peleka shairi moja fupi, likosolewe, urekebishe, ndipo uombe kitabu. Acha sekunde tano za ukimya mwishoni. Na jina la faili liwe kwa herufi za Kilatini, ndogo, bila nafasi. Likija kwa Devanagari, herufi za Kihindi, nalirudisha bila kulisikiliza, hata uwe na sauti ya malaika.