Safu kumi za samaki, inaingia moja tu

Dada, umesema fomu yako ya mapokezi ya samaki pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ina safu kumi, lakini ukibonyeza Hifadhi inaingia ya mwisho peke yake. Kivinjari hakina kosa, kimetuma zote. Tatizo ni jina: visanduku vyote vya uzito umeviita kilo, na PHP (lugha inayopokea fomu upande wa seva) ikikuta jina hilohilo mara kumi, la mwisho linafuta yaliyotangulia.

Ongeza mabano ya mraba: name="aina[]" na name="kilo[]". Hapo $_POST['kilo'], yaani data ya fomu iliyofika PHP, inakuwa orodha, unaizungusha hivi:

foreach ($_POST['kilo'] as $i => $kilo) {
  if ($kilo === '') continue;
  $aina = $_POST['aina'][$i];
}

Ila hicho kisanduku chako cha tiki cha "amelipwa" kitakutesa. Kisichotikiwa hakitumwi kabisa, kwa hiyo ukitumia mabano matupu namba zinasogea: tiki ya sangara wa safu ya tatu inaangukia kwa dagaa wa safu ya kwanza. (Yalinikuta, na mvuvi mwenye njaa hataki kusikia habari za msimbo.) Andika namba mwenyewe: kilo[0], lipwa[0], kilo[1], lipwa[1]. Kisha uliza isset($_POST['lipwa'][$i]), yaani kama tiki ya safu hiyo imefika.

Kwenye hifadhidata, weka prepare (kuandaa amri ya SQL, lugha ya hifadhidata) nje ya mzunguko na execute (kuiendesha kwa kila safu) ndani yake. Usibandike kilo moja kwa moja kwenye SQL, hata kama anayejaza ni shemeji yako.